Simba wa Nyuma ya Zizi

Kitu cha kwanza nilichofundishwa na yule Mchina ni kusimama, na nilimchukia kwa hilo.

Mimi ni mtoto wa Issuna. Nimechunga ng'ombe tangu kabla sijajua kuvaa nguo. Mchungaji wa kwetu husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, fimbo kwapani, na huendelea hivyo hadi jua linazama. Sasa mtu mzima niliyetoka kupigana vita vya Wazungu kule Bama, mwenye kovu kifuani, nakaa kwenye uwanja wa hospitali ya jeshi kule Bara Hindi, anakuja mzee mmoja mwenye miguu ya kuku kunifundisha kusimama! Niliona ni dharau. Nilimwambia hivyo kwa Kinyaturu, kwa kuwa nilijua haelewi, nikajisikia nafuu kidogo.

Yeye alikuwa dereva wa lori wa majeshi yao. Lori lake lilitumbukia bondeni, akavunjika mkono, akalazwa wodi ya jirani. Kila alfajiri alitoka na bandeji yake, akasimama chini ya ukuta, akaanza kuinua mkono ule mzima polepole hadi ukadhani amesinzia. Askari wetu walimcheka sana. Mimi sikucheka, kwani kucheka kulinipa maumivu. Kipande cha chuma kiliniingia ubavuni, na daktari alisema pafu la upande huo limesinyaa na huenda lisirudi. Nikitembea kutoka kitandani hadi bombani nilihema kama punda aliyepandishwa mlima.

Yule mzee aliniona nikihema. Ndipo akaniita.

Tulizungumza kwa vipande vya Kihindi cha jikoni, vile ambavyo kila askari aliviokota. Kiswahili alijua neno moja tu, "bado", alilolisikia kwa watu wetu kwenye foleni ya chakula. Alilitumia kunitesa. Alinipinda magoti, akaniinua mikono mbele ya kifua kana kwamba nimekumbatia kihenge cha mtama, akaondoka kwenda kunywa chai. Mapaja yakaanza kutetemeka. Jasho likaingia machoni. Nikishusha mikono tu, anatokea na fimbo yake, ananigonga goti: "Bado." Nilimtukana. Nilimtukania baba yake na lori lake. Anatikisa kichwa kwa heshima, kisha: "Bado."

Kilichonikera zaidi ni kwamba sikujua nasubiri nini. Jeshini ukifundishwa bunduki, unaona bunduki. Hapa nilifundishwa hewa. Vuta taratibu, shusha hadi chini ya kitovu, iachie kwa kujivutavuta, usikaze mabega. Mabega yangu yalikuwa yamekaa masikioni, kumbe. Aliyashusha kwa viganja vyake, nami kila nikikasirika yakapanda tena, na nilikuwa nakasirika muda wote. Nilikwenda tu kwa sababu daktari hakuwa na kingine cha kunipa, na kwa sababu sikutaka kurudi kwetu nikiwa mtu wa kukaa kwenye ngozi na kuletewa maji.

Halafu asubuhi moja nilifika bombani, nikanywa, nikarudi, nikajilaza, ndipo nikagundua kwamba sikuhema. Nililia. Nililia kwa hasira vilevile, kwa kuwa ilibidi nimshukuru.

Baada ya kusimama alinifundisha wanyama. Paa anayegeuza shingo, dubu anayeyumba, nyani anayechuma tunda, ndege mwenye miguu mirefu anayefungua mabawa. Dubu sikumjua, nikamchukulia kama fisi mnene. Wa mwisho alikuwa mnyama mkubwa wa jamii ya paka mwenye milia, anayeishi kwao, ambaye sisi hatuna. Unakunja vidole kama makucha, unanyemelea, unainuka, unavuta hewa, unashuka nayo kwa nguvu. Nilimtazama mzee akifanya, nikaona anakosea. Mimi nimeona simba kwa macho yangu, nimelala zizini nikimsikia akizunguka. Simba haweki mguu hivyo. Basi nikaurekebisha. Nikamwambia huyu si wako tena, huyu ni simba wa kwetu. Mzee akacheka hadi akashika mkono wake mbovu, halafu kwa mara ya kwanza hakusema "bado".

Nilishuka garimoshi Manyoni nikiwa na koti la jeshi na pumzi ya kunitosha. Nyumbani niliwakuta mama na mke wangu. Mama alinizungusha kwa majirani kama ndama wa maonyesho. "Mwanangu ameenda kupigana na watu ng'ambo ya bahari, na huyu hapa, mguseni." Mke wangu yeye alinisikiliza kifua nikilala, na kulipopambazuka aliniuliza hiyo sauti ndani ni ya nini. Nikamweleza pafu, nikamweleza Mchina.

Kila alfajiri nilikwenda nyuma ya tembe letu, nyumba ya paa la udongo, kwenye zizi, ng'ombe wakiwa bado wamelala, nikasimama. Nikamaliza wanyama wote. Kisha nikachukua jembe. Siku nilizofanya, nililima na wenzangu mpaka wakapumzika wao kwanza. Siku nilizoacha, kwa uvivu au kwa mvua, kufika katikati ya tuta naona nyota mchana. Kwangu hayakuwa mchezo, chakula changu kilitokana na mazoezi hayo. Mke wangu alikuwa akikamua karibu pale, uso umeegemea ubavu wa ng'ombe, akinitazama.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alipita asubuhi moja akitafuta mtamba wake aliyepotea. Akanikuta nimekunja vidole, nimeinama, nanyemelea.

"Shemeji, habari za asubuhi. Unafanya nini?"

"Nzuri, shemeji. Mazoezi tu."

"Hilo la makucha nalo?"

"Hilo ndilo simba," nikamwambia, na nilijivuna, maana huyo simba nilimrekebisha mwenyewe. Nikamwonyesha tena ili aone mguu unavyowekwa. Akasema vizuri, akaendelea kutafuta mtamba wake.

Haukupita muda watu wakaanza kuuawa. Mwanamke aliyekwenda kuamia, kufukuza ndege kwenye mtama, alikutwa amechanwa. Halafu mzee aliyetoka kwenye pombe. Halafu wengine, huku na huko. Wazungu walisema ni simba. Sisi tulijua simba anavyoua, na hatukukubali. Tulijua pia kitu kinachoitwa mbojo: mtu aliyechukuliwa akiwa hajiwezi, akafungiwa ndani ya nyumba gizani, akazibwa mdomo, akafundishwa kutembea na kuua kama simba. Anayemfuga ni mtu mwingine, na mara nyingi husemwa ni mwanamke. Sisemi kwamba hakikuwapo. Watu walikufa, niliwazika baadhi yao. Ninachosema ni kwamba hofu ikishaingia kwenye kijiji, inatafuta mtu wa kukaa juu yake.

Nikaitwa kwa jumbe. Nilipofika baraza lilikuwa limejaa, na shemeji zangu wote walikuwa wamekaa upande mmoja na fimbo zao. Mke wangu walikuwa wamemkalisha katikati yao. Pale ndipo nilipoelewa wamekuja kumchukua.

Niliamkia wazee. Hawakuitikia vizuri.

"Unajua kutembea kama simba?" jumbe akaniuliza.

"Ni mazoezi ya kifua, jumbe."

"Nimekuuliza unajua au hujui."

"Najua."

"Nani alikufundisha?"

"Mchina."

"Yuko wapi?"

"Mbali. Ng'ambo."

"Alipokuchukua ulikuwaje? Ulikuwa mzima?"

"Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa sijiwezi."

Watu wakaguna. Nikaona ninakokwenda, nikashindwa kugeuka, kwa sababu kila nilichoulizwa jibu lake la kweli lilikuwa lile lile baya.

"Mlikuwa mnasema naye lugha gani?"

"Hatukuwa na lugha. Alinionyesha kwa mikono."

"Mlikuwa mnakutana saa ngapi?"

"Alfajiri. Kabla jua halijatoka."

"Na wewe huku kwetu unafanya saa ngapi?"

"Alfajiri."

Shemeji mkubwa akasimama. "Mimi nilimuuliza kwa mdomo wangu, akaniambia hili ni simba. Hakuficha. Akanionyesha mara mbili. Dada yetu hawezi kulala nyumba moja na mtu wa namna hiyo. Leo tunaondoka naye."

Nilimuuliza kama amewahi kuniona nimemdhuru hata mbuzi. Akasema mbojo hajui anachokifanya. Sasa hapo utajibu nini? Ukikana, hujui. Ukikubali, umekubali. Nilisikia damu ikipanda masikioni. Nilitaka kumpiga. Mabega yakapanda, hewa ikakata, nikaanza kuhema mbele za watu wote, na wao wakarudi nyuma na viti vyao, wakidhani nabadilika.

Jumbe akaogopa kukata shauri peke yake. Akasema mke wangu akae kwa kaka zake mpaka Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, apite. Mama yangu alipiga kelele njia nzima tulipokuwa tunarudi, akiwatukana watu waliomgusa mwanawe kwa sifa na sasa wanamkimbia. Mimi sikuwa na hewa ya kutukana.

Bwana Shauri alikuja na karani wake na askari wa boma. Alikuwa kijana, pua imeungua jua, amechoka kwa mambo ya maiti. Akasikiliza shauri langu, akatafsiriwa, akaamuru nifanye hayo mazoezi pale pale.

Nikafanya. Nilivua koti la jeshi, nikasimama mbele ya wazee, mbele ya shemeji zangu, mbele ya mke wangu, nikafanya paa, nikafanya dubu, nikafanya nyani, watoto wakacheka wakazabwa makofi. Nilipofika simba hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga.

Aliyecheka ni Bwana Shauri. Alicheka vizuri, kwa furaha, kama mtu aliyekutana na kitu cha nyumbani kwake. Akamwambia karani, na karani akatutangazia, kwamba Bwana anayafahamu mambo haya. Ameyaona kwenye mji mmoja wa Wachina kabla ya vita. Ni mazoezi ya vikongwe, wanayafanya bustanini, hayana ubaya wowote.

Nikashusha pumzi. Nikamtazama mke wangu.

Ndipo karani akaendelea. Lakini kwa kuwa watu wana wasiwasi, Bwana anasema mazoezi yakome. Huyu askari aape hapa hadharani kwamba hatayafanya tena, na mkewe arudi kwake. Akikataa, mke abaki kwa kaka zake, na yeye apelekwe boma akakae na wale wengine wanaochunguzwa.

Nilizitazama buti za Bwana Shauri. Watu wangu walikuwa wanaogopa, na mtu mwenye hofu namwelewa hata akinikosea. Huyu alijua. Peke yake katika uwanja mzima alijua kwamba sina kosa, akalisema kwa mdomo wake, kisha akaninyang'anya pumzi yangu ili apate kuondoka kabla ya jua kuwa kali. Nilipigana vita vya mfalme wake. Chuma kilichoniingia kiliniingia kwa ajili yake. Nilimwambia karani amtafsirie hivyo. Karani akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, apa tu twende."

Nikaapa. Nilisema naacha. Mke wangu akanyanyuka kati ya kaka zake, akachukua koti langu chini, akalikung'uta vumbi, tukaenda nyumbani.

Msimu wa kulima ulipokuja nilikwisha. Mwanzoni nilifika katikati ya tuta, baadaye robo, baadaye nikawa naegemea jembe tu kama mlinzi wa shamba. Kifua kikarudia ile sauti yake. Mama akaninyang'anya jembe, akalima yeye, na mgongo wake ule mbovu. Nikakaa kwenye ngozi. Nikaletewa maji. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, nilimfokea mama, niliwafokea kuku, na kila kufoka kulinigharimu hewa ya nusu siku.

Alfajiri moja mke wangu aliamka, badala ya kwenda kukamua akachukua gogo akalikingamisha mlangoni kwa ndani. Hatukuwasha moto. Akanifuata pale nilipolala.

"Simama," akasema.

"Nimeapa."

"Uliapa kwa uwanja. Hapa ni ndani. Simama."

Nikasimama. Nikapinda magoti, nikainua mikono, na baada ya hapo sikukumbuka kinachofuata. Nilikuwa nimesahau, au hasira ilikuwa imekifuta. Yeye alikumbuka. Alikuwa ameyatazama yote kutoka ubavuni mwa ng'ombe, siku baada ya siku, na sasa alinishusha mabega kwa viganja vyake kwenye giza, akaniambia nyani anakuja baada ya dubu, si kabla. Nilimkasirikia. Nilimwambia aliyefundishwa ni mimi. Akasema haya, fanya basi. Sikuweza. Nikarudi kuwa mwanafunzi kama siku ile ya kwanza, mbaya zaidi, kwa sababu dari ya tembe iko chini na nilipofungua mabawa ya ndege mikono ikagonga boriti, udongo ukatumwagikia kichwani.

"Unajua wakigundua watasema nini?" nikamuuliza. "Mtu gizani, mlango umefungwa, mwanamke anamfundisha. Watasema wewe ndiye unayenifuga. Wewe ndiye watakayekuja kumchukua, na hutakwenda kwa kaka zako."

"Najua," akasema. "Inua mkono wa kushoto."

Mama tulimweleza. Akahamisha ungo wake, akawa anapepetea pale nje ya mlango kila alfajiri. Mtu akipita akiuliza hali yangu, yule mama aliyenitembeza kijiji kizima watu wanishike, alikuwa anajibu kwa sauti, "Hajiwezi mwanangu. Hata kusimama hawezi." Nami ndani nimesimama, nimekunja makucha, nasikia.

Habari za ugonjwa wangu zikamfikia shemeji mkubwa. Akaja. Simwiti mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, ingekuwa rahisi angekuwa mbaya. Alikaa karibu na ngozi yangu, akasema pole, na akatoa mizizi aliyoichimba mwenyewe upande wa bonde, ya kuchemsha. Alikuja nayo tena na tena. Mke wangu aliichemsha mbele yake, na akishaondoka aliimwaga. Chungu kama nyongo.

Pumzi ikarudi. Ilichukua muda, lakini ikarudi. Na pumzi huwezi kuificha chini ya kitanda. Nikatoka nje, nikakaa uani, nikachunga mbuzi, nikashika jembe. Mwaka uliofuata mke wangu alipika pombe, tukaita watu waje kutulimia, nami nikaingia kwenye mstari pamoja nao, nikafika mwisho wa shamba bila kusimama. Watu wakapiga vigelegele. Tukakaa kunywa. Mzee mmoja akasema shemeji yako amekufufua, simama umshukuru.

Wote wakanigeukia. Mke wangu alikuwa ameshika kata, anawagawia. Hakunitazama. Wauaji walikuwa bado hawajapatikana wote, na watu walikuwa bado wanahesabu nani anafungua mlango saa ngapi.

Nikasimama, nikasema, "Dawa imenisaidia. Asante sana, shemeji." Akanikumbatia. Machozi yalimtoka yule mtu.

Basi sifa ya mizizi ikaenea. Watu wenye ugonjwa wa kifua wakaanza kuja, kwanza wa jirani, halafu wa mbali. Shemeji aliwapa bure, na kila mmoja alimwambia apite kwangu anione, aamini. Walipita. Niliwaonyesha kovu, nikavuta hewa wasikie ilivyo safi.

Mmoja alitoka Kintinku kwa miguu. Alikuwa na umri wangu, naye alipigana Bama, nilimtambua kwa koti. Kila baada ya hatua chache alisimama, akashika magoti. Alikaa nami uani, tukazungumza habari za mvua za kule, na alipohakikisha hakuna mtu karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, askari kwa askari, kama kweli ni hiyo mizizi tu.

Mke wangu alikuwa ndani anatwanga. Nilimsikia ameacha kutwanga.

"Ni hiyo tu," nikamwambia.

Akaifunga mizizi yake kwenye kitambaa vizuri, akaniaga, akashika njia ya Kintinku, na mpaka alipofika kwenye kona nilikuwa bado namsikia anavyohema.